Kirstenbosch: bustani iliyopandwa "magugu" ya kwao tu

#1 Jembe Butu

Wakuu, heshima zenu.

Uzi ni mrefu, asiye na muda apite kimya kimya. Mimi nauza miche kando ya barabara hapa Dar, huu mwaka wa 14. Mwezi wa tisa dada yangu anayeishi Cape Town alifanyiwa upasuaji, nikaenda kumwuguza wiki tatu. Daktari akamwambia atembee kidogo kila siku, na pa kutembelea akachagua mwenyewe: bustani ya Kirstenbosch. Nikamwambia dada, mimi nashinda na miche mwaka mzima, leo unanileta kwenye miche tena? Akacheka huku ameshika mshono.

Tumekwenda mara sita. Mtu aliyetoka kupasuliwa anajikokota, kwa hiyo bustani ile nimeipita kwa mwendo wa kinyonga, na labda ndiyo maana imeniingia.

Nianze na mlima. Bustani imekaa ubavuni mwa Table Mountain, upande wa mashariki, na walioipanga hawakujaribu kushindana nao. Sikuona lile chemchemi la kurusha maji lenye taa za rangi ambalo kwetu hata baa inalo. Unaingia, unakuta ukoka umeteremka kama kanga iliyoanikwa, juu yake matuta ya maua, juu yake vichaka, kisha msitu, kisha jabali tupu. Ukitafuta mahali bustani inapoishia na mlima unapoanzia, huoni. Kuna njia zinaanzia humo humo ndani kwenye maua zinakupandisha mpaka kileleni. Eneo lote ni hekta 528 na iliyolimwa ni 36 tu. Ngazi na kingo ni za mawe yenye rangi ya jabali lenyewe, kwa hiyo jicho halikwami popote.

Maji sasa. Katikati kuna bonde lenye kivuli kizito, makangaga yake yamerefuka mpaka yana shina kama minazi michanga, na chini yao kuna kisima cha matofali chenye umbo la ndege. Maji yanatoka kwenye chemchemi, kama lita 72,000 kwa saa, na ni maangavu kiasi kwamba dada alidhani kisima kimekauka mpaka alipotumbukiza mkono. Hapo tulikuwa tunakaa nusu saa kila tukienda. Hakuna kinachofanyika hapo. Maji yanapita tu.

Maua sitayamaliza. Mwezi wa tisa kwao ndiyo mvua za baridi zinaisha, kila tuta linalipuka njano na chungwa. Kuna mti unaoitwa mti wa fedha, majani yake yana manyoya laini kama hariri, upepo ukipita mti mzima unameta kama dagaa wanaogeuka majini. Kuna yale maua yenye kichwa cha ndege, ambayo sisi tunayajua ya rangi ya chungwa; wao wanayo ya njano. Mtu wa bustani hiyo, John Winter, aliyachavusha kwa mkono karibu miaka 20 ndipo akapata mbegu za kutosha, na mwaka 1996 yakapewa jina la Mandela. Na kuna maprotea, vichwa kama sahani, kila kichwa na chozi wake anafyonza.

Siku ya nne ndipo nikagundua kilichokuwa kinanisumbua. Nilikuwa natafuta mti ninaouuza. Nimetafuta bogenvilea, sikuona. Jakaranda hakuna. Muashoki hakuna, mkrismasi hakuna. Nikamwuliza kijana mmoja aliyekuwa anapogoa, akaniambia hapa tangu 1913 tunapanda mimea ya kusini mwa Afrika tu, ya kigeni haipandwi.

Wakuu, nilikaa kwenye benchi. Kitalu changu kizima nikakipitia kichwani kiriba kwa kiriba. Mkrismasi, Madagaska. Bogenvilea na jakaranda, Amerika ya Kusini. Muashoki na mwarobaini, India. Mimi mtu wa Pwani nimeuza miche miaka 14, na mteja akija na mche wa porini nilikuwa namwambia "hilo gugu, mama, tupa."

Nimemaliza. Karibuni.

#2 Kokoto Laini

Uzi wa bustani bila picha ni wali bila mboga mkuu.

#3 Jembe Butu

Picha zote zimo kwenye simu ya dada. Akipona vidole vya kutuma nitaziweka.

#4 Mama Kisamvu

Vidole navyo vilipasuliwa?

Mwanangu, umenikumbusha kitu kimoja. Bustani zetu za mjini ukifika unakaribishwa na kibao: USIKANYAGE MAJANI. Huko vipi, ukoka wanakanyaga?

#5 Mzamiaji Mstaafu

Mama Kisamvu shikamoo. Ngoja nijibu mimi, nimekaa Cape Town tangu enzi zile tunashuka melini usiku. Ukoka wa Kirstenbosch unakanyagwa, unalaliwa, unaliwa juu yake. Jumapili za kiangazi kuna muziki jioni, watu wanakuja na mikeka na vikapu, wanajaa mteremko mzima. Mteremko wenyewe ndiyo viti, maana jukwaa liko chini, kwa hiyo aliye nyuma anaona sawa na aliye mbele. Miaka ya mwanzo sikuwa na hela ya tiketi, nilikuwa nasikiliza kwa mbali. Bata bukini na kanga wanapita katikati ya watu wanaokota makombo bila wasiwasi.

Jembe Butu, hukumwambia mtu habari ya daraja? Au dada hakuweza?

#6 Jembe Butu

Dada alikataa siku tano, ya sita akasema twende. Nilikuwa nimeliweka kiporo, lakini sawa.

Ni njia ya chuma na mbao inayopita juu ya miti, mita 130, waliifungua 2014 kusherehekea miaka mia ya bustani. Wanaiita Boomslang, yaani yule nyoka wa mitini, na mbavu zake za chuma kweli zinafanana na mifupa ya nyoka. Haijanyooka hata hatua tano. Unaanzia chini msituni, unajikuta kwenye matawi, kisha ghafla umetoka juu ya vilele vya miti, kama mita 12 toka chini, na mlima wote uko usoni. Inatikisika kidogo. Dada alishika bomba la pembeni akawa anasoma Ayatul Kursiy.

Nilichokipenda kama fundi: haina ngazi. Imepanda kwa mteremko wa polepole, nikaona mzee anasukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka katikati. Na ukiwa chini kwenye ukoka hulioni daraja. Kwetu tungelipaka rangi nyekundu.

#7 Pweza Mkavu

Salamu kutoka Mombasa. Nina mambo mawili.

La kwanza, nimesikia huko kuna barabara ya miti ya karafuu maiti na watu wanatembea chini yake kupiga picha za harusi. Kweli haya? Kwetu harufu hiyo ukiisikia unauliza nani kafa.

La pili, kabla hamjaenda mbali, njooni Bamburi. Palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jangwa jeupe la matumbawe, jua likipiga macho yanauma. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikaishi tatu: mvinje, mnazi na mti mmoja wa nchi kavu za Kisomali. Majani ya mvinje yakawa yanaanguka hayaozi. Akaleta majongoo! Majongoo wakayala yale majani, kinyesi chao kikawa udongo. Leo ni msitu, na viboko wamo. Bustani yenye udongo uliotengenezwa na jongoo, hiyo ndiyo ufundi. Mlima wa tayari hata mimi napanda maua mbele yake.

#8 Mzamiaji Mstaafu

Karafuu maiti ni kweli. Ile njia ilipandwa 1898 na Cecil Rhodes, yule tajiri mkoloni wa Kiingereza, wakati huo shamba lilikuwa lake. Miti imekuwa mikubwa, matawi yamekutana juu, unapita kama ndani ya handaki. Ukisugua jani unafika msibani moja kwa moja. Asili yake Asia, kwa hiyo yule kijana aliyemwambia Jembe Butu kwamba kigeni hakipandwi alikuwa sahihi, haipandwi. Hii waliikuta, wakaiacha kama kumbukumbu.

Halafu kile kisima cha ndege. Watu wengi wanakiita bafu la Lady Anne Barnard na kusimulia habari za bibi huyo kuoga uchi chini ya miti. Hadithi tamu, lakini alikwishaondoka Cape mwaka 1802 na kisima kilijengwa 1811 na Kanali Bird. Jina la Kanali ndilo "ndege" kwa Kiingereza, mambo yamekwisha.

#9 Ngurumo ya Kiangazi

Mmesifia sana, sasa niharibu.

Rhodes mmemtaja kama mpanda miti. Haya. Na ule ua wa mlozi mwitu mmeuona? Upo ndani ya bustani hiyo hiyo, mabaki yake yanaishi mpaka leo. Ulipandwa 1660 kwa amri ya Jan van Riebeeck, mkuu wa Waholanzi waliohamia Cape, ili Wakhoikhoi na ng'ombe wao wasiingie kwenye malisho ambayo yalikuwa yao wenyewe. Matunda yake yana sumu. Miaka zaidi ya 360 baadaye watalii wanaupiga picha kwa sababu matawi yake yamejikunja vizuri. Hiyo ndiyo michongoma ya kwanza ya kuwatenga watu kwao, na leo ni "kivutio".

Bustani nzuri, sibishi. Ila mkisema "wamepanda vya kwao", ulizeni nani alikuwa anaishi hapo kabla hajawekewa ua.

#10 Jembe Butu

Ngurumo, huo ua nimeuona na kibao chake nimekisoma, na sikuuandika kwa sababu sikujua niuweke wapi. Kama mtu wa wigo nilianza kuusifia: shina linalala chini, linatoa matawi mapya, linalala tena, hakuna ng'ombe anayepita hapo. Halafu nikasoma kibao. Dada akasema, "Kumbe unasifia ukuta." Tukaondoka pale hatuongei.

Kwa hiyo sikubishii. Umeandika nilichokiruka.

#11 Kokoto Laini

Hapa ndipo uzi ulipokuwa mtamu. Nimeweka jamvi.

#12 Afisa Mapori

Naongeza upande wa mimea yenyewe, maana naona mmekaa sana kwenye majengo.

Sehemu ya kwanza kabisa kupandwa Kirstenbosch ni mteremko wa sikadi. Mkurugenzi wa kwanza, Harold Pearson, ndiye aliyeianza, na alifanya kazi bila mshahara kwa sababu pesa haikuwepo. Alifariki 1916 na kaburi lake liko humo humo. Watu wa Pwani mnazijua sikadi: ni mtapo, ule unaofanana na mnazi mfupi wenye majani ya miiba, wazee walikuwa wanaloweka mbegu zake muda mrefu kutoa sumu ndipo wale wakati wa njaa.

Kati ya mitapo ya pale kuna mmoja umewekwa ndani ya kizimba cha chuma. Huo ni Encephalartos woodii. Mwaka 1895 John Medley Wood aliukuta kwenye msitu wa Ngoye, Natal, kisiki kimoja chenye mashina kadhaa. Dume. Wametafuta jike zaidi ya miaka mia, hawajampata. Miti yote ya aina hiyo iliyopo duniani ni vichipukizi vya dume huyo mmoja, porini hakuna tena. Kizimba ni kwa sababu ya wezi wa vichipukizi, na wasiwasi wao si wa bure: 2014 waliibiwa sikadi zaidi ya 20 za aina nyingine adimu kwenye bustani hiyo hiyo.

Mbele ya huyo dume mtu mzima unaweza kutokwa na machozi. Mimi nilitokwa, nikasingizia vumbi.

#13 Mama Kisamvu

Dume mmoja dunia nzima na bado amefungiwa. Makubwa.

Afisa, naomba kuuliza la shambani. Nipo Lushoto, baridi tunayo. Hizo protea nikipata mbegu zitaota?

#14 Afisa Mapori

Mama, Lushoto una nafasi, ila kuna mambo mawili yanawaua watu.

Moja ni mbolea. Protea imezoea udongo maskini, mchachu, unaopitisha maji haraka. Mizizi yake ya juu juu imejifunza kukwangua fosforasi kidogo sana iliyopo. Wewe kwa huruma ukaweka DAP, umeilisha sumu. Samadi ya kuku vile vile. Iache na njaa.

La pili ni moshi. Vichaka vya Cape vinaungua kila baada ya miaka kadhaa, na mbegu nyingi hazioti mpaka zihisi moto umepita. Watafiti wa Kirstenbosch walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba kinachoziamsha nyingi ni kemikali zilizo kwenye moshi, kuliko joto. Wakatengeneza karatasi zilizolowekwa maji ya moshi na kukaushwa. Unaiweka kwenye maji kidogo pamoja na mbegu, unaacha siku moja, unapanda.

#15 Pweza Mkavu

Yaani wanauza moshi kwa karatasi. Na sisi tuna majiko ya kuni tunakohoa bure.

#16 Jembe Butu

Karatasi hizo ninazo mbili! Nilidhani ni za kufukuzia mbu.

#17 Mnyalu wa Juu

Mama Kisamvu, mbegu usiagize mbali. Protea ipo Kilimanjaro na nyanda zetu za juu kusini, porini, hakuna anayeipanda. Na Jembe Butu kama anataka bustani ya vya kwao aje Kitulo, kati ya Makete na Mbeya. Hifadhi tangu 2005, na ilitangazwa kwa ajili ya maua, si simba. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ukija kati ya Desemba na Aprili unakuta uwanda wote umefunuka, okidi peke yake zipo aina 45. Hakuna ngazi za mawe wala daraja la nyoka. Kuna ukungu, baridi, na buti lako likijaa maji.

Na okidi zenyewe tulikuwa tunachimba viazi vyake kwa magunia vinakwenda Zambia kutengenezea chikanda, chakula chao. Mimi nimechimba. Sikujua kama ni ua la kutazamwa.

#18 Ngurumo ya Kiangazi

Mnyalu, huo ujumbe wako wa mwisho una uzito kuliko daraja lote la Jembe Butu.

#19 Jembe Butu

Nakubali. Ila nirudi kwenye bustani, kuna sehemu sijaisema na ndiyo iliyonifanya niandike.

Kuna tuta la mimea ya harufu. Limeinuliwa kwa mawe mpaka kiunoni, ili asiyeona na aliye kwenye kiti wafikie bila kuinama. Na kibao chake kinasema SHIKA. Unafikicha jani, linanuka limau. Jingine waridi. Jirani yake kuna njia ya msituni yenye kamba ya kuongoza mkono kwa wasioona. Nikamkuta bibi mmoja haoni, anashika jani, analiweka puani, analicheka, anaenda jingine. Alikuwa anaisoma bustani vizuri kuliko mimi.

Nikakumbuka nyumbani kwa bibi yangu Pangani. Alikuwa na mrehani mlangoni, mkilua pembeni ya kisima, mlangilangi juu, na mwasmini kwenye dirisha la chumba cha wageni. Unaingia nyumba ile kwa pua. Tulipojenga upya tukakata vyote, tukamwaga zege na kupanda miashoki mitano mstari mmoja, kama askari.

#20 Afisa Mapori

Jembe Butu, kwenye kitalu chako unauza ile mimea ya ofisini, majani mazito ya kijani kibichi yanang'aa kama yamepakwa mafuta? Ile wateja wanaita "zizi"?

#21 Jembe Butu

ZZ? Nauza sana. Chungu kimoja Sh 45,000 mpaka 60,000. Mzigo wa kwanza niliuchukua kwa mtu anayeagiza nje. Inavumilia giza, inavumilia kusahauliwa maji mwezi mzima. Mabenki wanaipenda. Kwa nini?

#22 Afisa Mapori

Kwao ni hapa. Zamioculcas. Kuanzia kusini mwa Kenya, Pwani yetu yote, Zanzibar, Msumbiji, hadi mashariki ya Afrika Kusini. Inaota yenyewe kwenye vichaka vya mawe ya matumbawe. Waholanzi walianza kuizalisha kwa wingi mwaka 1996 hivi, ikazunguka dunia, ikakurudia wewe kwenye chungu cha kauri.

Ile mingine yenye majani kama panga, wanayoiita ulimi wa mama mkwe, ndugu zake wamejaa maporini kwetu, ni katani za mwitu. Ile waridi ya jangwani yenye shina lililovimba nayo ni ya ukanda huu. Ile violeti ya dirishani inayouzwa Ulaya kwenye kila duka la vyakula, ni ya milima ya Usambara. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Saint Paul, alipeleka mbegu kwao, ikaitwa jina lake mwaka 1893.

Mama Kisamvu, wewe ukiwa Lushoto ndugu zake wanaota kwenye mawe yenye unyevu jirani yako.

#23 Mama Kisamvu

Yenye vijani vya manyoya na ua la zambarau? Hiyo si ipo kule mtoni tunakofulia!

#24 Kokoto Laini

Jembe Butu yuko wapi? Mbona kimya?

#25 Pweza Mkavu

Amekaa kwenye benchi tena.

#26 Jembe Butu

Nipo. Nilimpigia mjomba Pangani. Nikamwelezea jani, akasema hajui, akaenda kutazama. Amerudi kaniambia nyuma ya choo cha zamani, chini ya mkwaju, kuna vichaka vitatu "vya lile dude gumu linalong'aa". Kachimba kidogo kakuta viazi vya mviringo chini. Amenitumia na picha.

Ni yenyewe.

Anauliza aung'oe, maana kila mwaka huwa anaufyeka na panga kabla ya Idi.

#27 Afisa Mapori

Mwambie asiung'oe. Achukue majani madogo kumi tu, ayachomeke kwenye mchanga wenye kivuli, asimwagilie sana. Kila jani litatoa kiazi chake, ila lina mwendo wa kobe, litachukua miezi mingi. Na anawe mikono, utomvu wake unawasha.

#28 Jembe Butu

Nimemwambia. Kaniuliza, "Halafu ukishaota?"

Nikamwambia utaupanda mlangoni, pale ulipokuwa mrehani wa bibi.

Akasema subiri kwanza amwulize mkewe.

#29 Kokoto Laini

Na picha za Kirstenbosch?

#30 Jembe Butu

Dada kalala. Kesho.